Wazazi wakiachana, watoto wabaki na nani? Desturi mbili na sheria moja mu Lubumbashi

Kila tunapofungua simu kwa kipindi cha familia, kuna ulizo moja linarudi, hata kama siku ile tulitangaza kuongea juu ya mambo mengine. Baba anapiga toka Katuba: "Miye nilitoa mali yote, hakuna hata deni moja. Bibi amekwenda kwao. Sasa namna gani batoto babaki naye?" Dakika chache nyuma, mama anapiga toka Ruashi: "Bwana amenifukuza, amebaki na batoto batatu, bibi mupya njo anabapikia. Niko na haki ya kubaona ao hapana?" Hao wawili hawajuani, lakini wanauliza kitu kimoja.

Jibu fupi ni hili: sheria ya Congo haisemi kwamba watoto ni wa baba, wala haisemi kwamba ni wa mama. Inasema mwamuzi aangalie faida kubwa ya mtoto, kisha aamue abaki na nani. Anaweza kumwacha kwa baba, kwa mama, ao kwa mtu wa tatu, kama nkambo ao shangazi. Tatizo ni kwamba mu mji wetu watu wengi hawaachani mbele ya mwamuzi. Wanaachania mu parsele, mbele ya jamaa, na pale kila jamaa inakuja na sheria yake.

Lubumbashi ilianzishwa 1910, na watu waliletwa toka pande zote juu ya kazi ya shaba. Union Minière, ile iliundwa 1906, kwanza ilichukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikageuza mpango, ikataka mfanyakazi akae na bibi na watoto mu kambi. Makabila yakachangamana, wakaoana. Sasa, Walamba, wenyeji wa hapa, pamoja na Wabemba na Wakaonde, wanahesabu ukoo upande wa mama. Waluba, wale wa Katanga na wale wa Kasai, wanahesabu upande wa baba. Wote wanaishi avenyu moja, wanasali kanisa moja, wanaoleana watoto.

Kwa Mluba, mali ya ndoa ikiisha kutolewa, watoto wanahesabiwa ni wa jamaa ya baba. Mama akirudi kwao, ule anayenyonya anaenda naye, lakini akiisha kukomaa kidogo, jamaa ya baba inakuja kumchukua. Kwa Mlamba ni kinyume. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba njo mwenye neno kubwa juu yake, tangu ndoa mpaka urithi. Baba anaheshimiwa, analea, lakini ukoo haupitii kwake.

Chukua sasa baba Mluba na mama Mlamba. Siku ya posa hakuna anayeuliza habari hiyo, watu wanahesabu pagne, mbuzi na dola. Siku ya kuachana, jamaa mbili zinakaa kwenye viti vya plastiki, na kila upande unasema watoto ni wetu. Kila mmoja ana haki kufuatana na desturi yake, njo maana maneno hayaishi. Lakini geuza mfano: baba Mlamba, mama Mluba. Kwa desturi ya baba, watoto ni wa upande wa mama. Kwa desturi ya mama, watoto ni wa upande wa baba. Kila jamaa inaweza kusema kwa heshima yote kwamba watoto ni wa wengine. Watu wanaongea sana juu ya watoto wanaogombaniwa. Hawa ambao hakuna anayewagombania hawasikiki, na mara nyingi ni nkambo mmoja anawabeba wote, na biashara yake ya makala mbele ya mlango.

Sheria ya familia ilitoka tarehe 1 Agosti 1987, na ikabadilishwa mu vipande vingi tarehe 15 Julai 2016. Pembeni yake kuna sheria ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto. Inchi yetu pia ilitia sahihi Mkataba wa haki za mtoto wa Umoja wa Mataifa, na kuukubali 1990. Mu maandiko hayo yote, mtoto ni kila mtu asiyefikisha miaka 18, na faida yake njo inatangulia.

Kwa hiyo mali haiamui ulezi. Baba wa Katuba alitoa mali, ni vema, hiyo inaonyesha kwamba ndoa ilifungwa kufuatana na desturi. Lakini mali ilikuwa ya ndoa. Jamaa zinaweza kukaa na kuongea kama mali inarudi ao hairudi, hayo ni maneno yao, na kila kabila lina namna yake. Mwamuzi hatasema: kwa sababu mbuzi wanne walitoka, watoto watatu waende kwa baba. Na kinyume chake: mama hawezi kuzuia baba kuona watoto kwa sababu mali haikuisha kutolewa. Hiyo tunaisikia sana pia, hasa toka kwa wajomba.

Kuna neno lingine linatembea mu mji, kwamba mtoto akifika miaka saba sheria inampa baba. Sheria haikuandika miaka saba mahali hapo. Ni kweli waamuzi wanaangalia umri, na mtoto mchanga ni vigumu kumtenga na mama anayemnyonyesha. Lakini hakuna siku ya kuzaliwa ambayo mtoto anahama mwenyewe kama mzigo unaobadilisha gari.

Njia ya tribinali ni hii. Divorce inaombwa kwa tribinali ya amani, ile watu wanaita Tripaix. Mwenye kuomba anaweza kuandika barua ao kuja kusema kwa mdomo, na maneno yake yanaandikwa. Mwamuzi kwanza anamsikiliza yeye, kisha anaita wote wawili, anajaribu kuwapatanisha. Anaweza pia kutaka kusikia watu wa jamaa. Wengine wanakasirika: "Nilikuja kuomba kuachana, banianzishia tena mahubiri." Ni sheria njo inataka hivyo, hata kama wewe umeisha kukata shauri.

Kitu ambacho wengi hawajui: hakuna haja ya kungojea mwisho wa kesi ili watoto wapate mpango. Kesi inaweza kuchukua muda, ya pili inaahirishwa, avoka hakuja, mwamuzi amehamishwa. Wakati huo wote mwamuzi anaweza kutoa uamuzi wa muda: watoto wakae kwa nani, mwingine awaone siku gani, nani alipe nini. Lakini inafaa kuiomba. Ukikaa kimya, watoto wanabaki pale walipokuwa siku ugomvi ulipoanza, na nyuma ya mwaka mmoja ule mwenye kuwa nao atasema: wamezoea hapa, wanasoma hapa, mnataka kuwasumbua kwa nini? Na mara nyingi atakuwa na haki.

Mwamuzi anaangalia vitu gani? Nani alikuwa anaamka usiku mtoto akipata homa. Nani anajua jina la mwalimu. Nyumba iko namna gani, na nani mwingine anakaa ndani. Masomo iko mbali ao karibu. Kama kulikuwa na kipigo. Na mtoto mwenyewe: sheria ya 2009 inampa mtoto mwenye akili ya kupambanua haki ya kusema wazo lake juu ya mambo yanayomhusu. Hiyo haina maana kwamba mtoto wa miaka minane njo anakata kesi. Ina maana asikilizwe. Wazazi wengine wakisikia hivyo wanaanza kununua simu na viatu, wengine wanamfundisha mtoto maneno ya kusema. Mtoto anayerudia maneno ya mtu mkubwa anatambulika upesi.

Neno la tribinali ni garde, yaani kukaa na mtoto kila siku: kumlalisha, kumwamsha, kumpeleka masomo. Ule asiyepewa garde hapotezi uzazi wake. Anabaki na haki ya kuona watoto, ya kufuata namna wanavyolelewa na kusomeshwa, na anabaki na deni la kuchangia kwa kipimo cha nguvu yake. Hii ya mwisho njo inasahauliwa na wengi. "Kama bamempa batoto, abalishe yeye." Hapana. Kupewa watoto na kulipa ni mambo mawili mbalimbali.

Zamani za Gécamines habari ya feza ilikuwa na sura nyingine. Hospitali, masomo, unga, vyote vilipitia kwa jina la mfanyakazi, na watoto walikuwa kwenye karatasi zake. Mama akiachana na bwana alikuwa anaachana pia na dispansari. Kwa hiyo kusema baba njo mwenye kulisha ilikuwa kweli, iliandikwa. Kisha kampuni ikaanguka, na mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa mapenzi, na feza ya mara moja mkononi. Leo, mu parsele nyingi, mama anayeuza samaki wabichi ao fretini njo analipa minervali. Masomo ya msingi ya leta ni bure tangu 2019, lakini sekondari na masomo ya watu binafsi yanalipwa. Wazee wengi wanaoongoza vikao vya jamaa bado wanaongea kama tuko wakati wa karatasi ya Gécamines.

Sheria haikupanga hesabu ya kulipa kila mwezi. Mwamuzi anaangalia mzazi anapata ngapi na mtoto anahitaji ngapi. Kwa hiyo leta vitu vinavyoonyesha: karatasi ya mshahara kama iko, risiti za minervali, ordonansi za daktari. Kama baba ni mchimbaji wa mkono ao anafanya biashara ya Kasumbalesa, hatakuwa na karatasi ya mshahara, lakini kuna watu wanaojua kazi yake. Na ule aliyehukumiwa kulipa, kisha anakataa kwa kusudi wakati uwezo uko, sheria ya familia inahesabu hiyo ni kuacha familia, na inaweza kumfikisha kwa hukumu ya kosa.

Hukumu ikitoka, watu wanafikiri mambo yameisha. Ni pale njo yanaanza, siku ya posho asubuhi. Nani anamleta mtoto? Nani analipa taksi bisi toka Ruashi mpaka Katuba, kwenda na kurudi? Saa ngapi? Akichelewa, nani anapiga simu? Mtoto anaenda kwa baba na nguo nzuri, anarudi na nguo ya zamani, na hiyo peke yake inaweza kuleta vita ya miezi miwili. Dawa alizoanza kwa mama hazikutumwa. Kazi ya nyumbani haikufanywa kwa sababu kitabu kilibaki upande mwingine. Haya mambo hayaandikwi mu hukumu, na mwamuzi hawezi kuyaandika yote.

Wale wanaofaulu kidogo, kwa namna tunavyosikia kwa kipindi, wana tabia moja: wanaongea wao wawili juu ya watoto tu, kwa ujumbe mfupi wa simu, bila kumtuma mtoto. "Mwambie baba yako minervali haijalipwa" ni neno dogo, lakini mtoto analibeba kichwani njia yote, akijua kwamba akilisema baba atakasirika na asiposema mama atakasirika. Afadhali kutuma inite mbili na kuandika mwenyewe. Likizo nazo zinasaidia: Noeli upande mmoja, Pasaka upande mwingine, Julai na Agosti zikatwe mara mbili. Kwa baba ao mama aliyepata kazi Kolwezi ao Fungurume, likizo njo wakati wa pekee, na simu ya jioni siku zingine. Akitaka kumpitisha mtoto mpaka kwenda Zambia, DGM inaweza kumwomba karatasi ya uruhusa wa mzazi mwingine. Afadhali aitengeneze mbele.

Hapa niseme wazi: maneno haya yote ya kusikilizana ni kwa wazazi ambao mmoja haogopi mwingine. Mahali palipokuwa kipigo, usimshauri mama kwenda peke yake kumpokea mtoto kwa mlango wa bwana wa zamani, juu tu ya kuonyesha upole. Mtoto apokelewe kwa mtu wa tatu, kwa nkambo, kwa parokia, kwa ofisi ya kartie. Mwamuzi anaweza kupunguza ziara ao kuomba ziwe mbele ya mtu. Polisi nayo ina kitengo cha ulinzi wa mtoto na mwanamke.

Kuna pia wale wanaomnyakua mtoto. Baba anangojea kwenye mlango wa masomo saa sita, anapandisha mtoto kwa moto, wanaenda Likasi. Ao mama aliyepewa garde na tribinali anamficha mtoto kila siku ya ziara: analala, anaumwa, ameenda kwa shangazi. Kama kuna uamuzi wa mwamuzi, kukataa kumtoa mtoto kwa ule mwenye haki ya kumpata ni kosa lenye azabu. Jambo moja la faida: peleka kopi ya uamuzi kwa mkurugenzi wa masomo. Mwalimu hana namna ya kujua kwamba baba huyu, aliyevaa vizuri na kusalimia kwa upole, hana ruhusa ya kumchukua mtoto siku ya tatu.

Nyuma ya kuachana, nyumba mpya inafunguliwa, na mtoto wa kwanza anakuwa mgeni ndani yake. Biashara ikianguka, mimba ya bibi mpya ikitoka, kuna macho yanayomgeukia. Vyumba vingine vya maombi vinamaliza kazi: mtoto njo mlozi. Sheria ya 2009 inamlinda mtoto juu ya mashitaka ya ulozi, na inaazibu mateso yanayofuata. Wengi mu watoto wa barabara walioongea kwa mikro yetu walianza hadithi yao kwa maneno hayo: baba na mama waliachana. Mzazi asiye na garde, haki yake ya kufuata malezi si pambo. Ni yeye njo anaweza kuona upesi kwamba mtoto amekonda, haongei tena, analala jikoni.

Na wale ambao hawakuoana? Ni wengi, hata pengine kupita wale wa karatasi. Walikaa pamoja miaka sita bila kupita komini, na ndoa ya kanisa peke yake, bila kuandikishwa kwa leta, haihesabiwi mbele ya sheria. Hapa hakuna divorce ya kuomba, lakini watoto wako. Sheria ya familia, kwa kifungu cha 591, inasema kila mtoto mcongomani anapaswa kuwa na baba, na hakuna mtu mwenye haki ya kutojua mtoto wake, azaliwe ndani ya ndoa ao inje. Baba anayekana anaweza kuitwa, na maneno ya uzazi na utambulisho wa mtoto yanapelekwa kwa tribinali ya watoto, ile iliundwa na sheria ya 2009. Wafanyakazi wa affaires sociales wanaweza kutumwa nyumbani kuangalia hali ya mtoto.

Mahali pote, karatasi ya kwanza ni ile ya kuzaliwa. Mtoto anaandikishwa mu siku 90 nyuma ya kuzaliwa, na kutangaza uzazi ni bure. Nyuma ya hapo inafaa kupitia tribinali, na inaanza kula feza. Tumeona kesi ambapo baba alikuwa anagombania mtoto kwa nguvu, na mtoto mwenyewe hana jina mahali popote mu vitabu vya leta.

Kuhusu feza ya kesi, usiogope mbele ya kuuliza. Baro ya waavoka ina ofisi ya mashauri ya bure kwa wale wasio na uwezo. Affaires sociales nayo inaweza kukupa karatasi ya umaskini, na kwa karatasi ile unaomba upunguziwe ao uachiliwe malipo ya tribinali. Ukipewa bei na mtu aliyekukuta inje kwa kivuli cha mwembe, omba risiti.

Kwa baba wa Katuba, basi: mali uliyotoa haikupi watoto, lakini uzazi wako unakupa njia ya kuwaomba. Kama unaona wako vizuri zaidi kwako, nenda Tripaix ueleze kwa nini, bila kuanza na mbuzi. Kwa mama wa Ruashi: ndiyo, haki ya kuwaona iko, na ya kuomba wakae kwako iko pia, hata kama ni bwana aliyebaki mu nyumba. Usingojee mwaka upite. Tia mu bahasha karatasi za kuzaliwa za watoto watatu, karatasi ya ndoa kama iko, biletini za masomo, risiti zote ulizolipa, na majina ya watu wawili ao watatu waliokuona ukilea. Kama karatasi zilibaki kwa bwana, sema hivyo kwa grefe tangu siku ya kwanza. Komini ile mliandikisha watoto inaweza kukutolea kopi.